Redio, mwanga na eksirei ni kitu kimoja? Jibu kwa mama wa Wete

Swali: "Assalaam alaykum. Mwanangu yuko kidato cha nne hapa Wete. Amerudi skuli anasema mwalimu kawaambia redio, mwanga wa jua, rimoti ya tivii na eksirei ya hospitali ni kitu kimoja. Mimi nimekataa. Kama ni kitu kimoja, mbona redio inaingia ndani na milango imefungwa, na mwanga hauingii? Na huu mnara wa simu uliojengwa nyuma ya nyumba yetu, kama ni ndugu wa eksirei, si tunapigwa mionzi usiku na mchana? Na kama ni kweli, naweza kumuonesha kwa vitu vya nyumbani?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Mwalimu kasema kweli, na mshangao wako una msingi. Vyote hivyo ni mawimbi ya sumakuumeme. Kinachovitenga ni urefu wa wimbi, yaani nafasi kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa linalofuata. Wimbi la redio ya FM lina mita 3 hivi. Wimbi la mwanga wa kijani lina nusu ya elfu moja ya milimita. Wimbi la eksirei ya hospitali ni dogo kuliko atomu. Ukuta wako, mnara wako na ile picha ya mfupa vyote vinafuata urefu huo.

Nianze na wimbi unalolijua. Wakati wa kusi, upande wa mashariki kule Micheweni, mtu akidondosha kifuu cha nazi nje ya mwamba atakiona kinapanda, kinasogea mbele kidogo, kinashuka, kinarudi karibu na pale pale. Wimbi limekwenda zake, maji yamebaki. Kilichosafiri ni nishati. Sasa hesabu kwa saa tangu mgongo mmoja uinue kifuu mpaka mwingine uinue tena. Tuseme ni sekunde 8. Kwenye maji ya kina kirefu wimbi la sekunde 8 lina urefu wa mita 100 hivi, na mwendo wake ni mita 12 na nusu kwa sekunde. Likifika pa kina cha mita 2 mwendo unaanguka hadi mita 4 na kitu, migongo inabanana mpaka mita 35, wimbi linapanda juu na kuvunjika. Lakini zile sekunde 8 hazibadiliki. Idadi ya marudio, yaani migongo mingapi inapita kwa sekunde, huwekwa na kilichoanzisha wimbi, na njia inayopita hubadilisha mwendo na urefu tu. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa: mwanga ukiingia majini kasi yake inapungua hadi robo tatu, urefu wa wimbi nao hivyo hivyo, na marudio yanabaki yale yale.

Mawimbi ya sumakuumeme hayahitaji maji, hewa wala kitu chochote cha kupitia, ndiyo maana mwanga wa jua unatufikia kutoka kilomita milioni 150, kwa dakika 8 na sekunde 20. Kinachotikisika ni nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku, moja ikizaa nyengine. Elektroni, zile chembe ndogo mno zenye umeme zilizomo ndani ya atomu, zikitikiswa juu na chini ndani ya antena, mtikisiko huo unaondoka na kusambaa. Mwanafizikia James Clerk Maxwell wa Uskoti aliandika hesabu zake mwaka 1865, akakuta kasi inayotoka kwenye milinganyo ya umeme na sumaku ni ile ile ya mwanga. Akasema basi mwanga wenyewe ni wimbi la namna hiyo. Miaka ishirini na kitu baadaye, mwaka 1887 na 1888, Heinrich Hertz wa Ujerumani alirusha cheche upande mmoja wa chumba na kuona cheche ndogo ikiruka kwenye pete ya waya upande wa pili, bila waya wowote kati yake. Jina lake ndilo tunaloandika kila siku: hezi moja ni mrudio mmoja kwa sekunde, kilohezi ni elfu, megahezi ni milioni, gigahezi ni bilioni.

Kasi ya yote, kwenye nafasi tupu, ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Darasani andika milioni 300. Kanuni ni moja: kasi ni sawa na marudio mara urefu wa wimbi. Stesheni ikiwa kwenye megahezi 92.5, gawanya 300,000,000 kwa 92,500,000, utapata mita 3.24. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusahau kugeuza megahezi kuwa hezi, na jibu linatoka mamilioni ya mita. La pili ni kutumia mita 340 kwa sekunde kwa sababu "redio inatoa sauti". Hiyo 340 ni kasi ya sauti hewani. Redio haisafirishi sauti. Inasafirisha wimbi lililobadilishwabadilishwa kufuata sauti, na spika ya nyumbani ndiyo inayoizaa sauti upya. Kutoka umbali wa kilomita 100 wimbi la redio linakufikia kabla hata ya nusu ya elfu moja ya sekunde. Sauti yenyewe, lau ingesikika mbali hivyo, ingechukua karibu dakika 5.

Neno "masafa" linawachanganya vijana. Wazee wetu waliposema "masafa mafupi" na "masafa ya kati" walikuwa wanataja urefu wa wimbi, kama walivyosema "mita bendi 25". Redio yetu ya Zanzibar ilisikika nchi za mbali kwa kilohezi 11,735 kutoka Dole: gawanya, utapata mita 25 na nusu. Siku hizi watangazaji wa FM husema masafa wakimaanisha idadi ya marudio. Zote mbili zimekubalika, ila kwenye mtihani mtoto aandike wazi lipi analolisema.

Sasa ukuta.

Watu hudhani mwanga unazuiwa kwa sababu ukuta ni mgumu na mnene, na redio inapita kwa sababu ina nguvu zaidi. Hapana. Chukua chembe moja ya sukari, iweke kwenye ncha ya kidole uitazame kwenye mwanga: ni angavu, unaona mpaka upande wa pili. Sukari ya kijiko kizima ni nyeupe, huoni kitu. Barafu nzima ni angavu, ikisagwa ni nyeupe. Hakuna kilichoongezwa. Ni kwamba kila mwanga unapoingia kwenye chembe na kutoka, unapinda kidogo na sehemu yake inarudishwa, na chembe zikiwa maelfu mwanga wote unapotea njia na kurudi ulikotoka. Ukuta wa mawe, mchanga na chokaa ni chembe tupu. Punje ya nusu milimita ni kubwa mara elfu moja kuliko wimbi la mwanga, kwa hiyo kila punje ni jabali la kugonga. Kwa wimbi la FM la mita 3, punje hiyo haipo kabisa. Linaupita ukuta kama wimbi refu la bahari linavyopita kwenye kigingi cha mwani, kigingi kinalowa na wimbi linaendelea na safari.

Si punje peke yake. Kila kitu kina marudio kinayopenda kuyanywa na mengine kinayoyaacha yapite, kutegemea elektroni zake zimefungwa vipi. Na chuma kina elektroni zisizofungwa popote. Wimbi la redio likigusa bati, elektroni hizo zinatikisika nalo na kulirudisha nyuma. Ndiyo maana nyumba yenye bati juu na nondo nyingi kwenye zege simu inashika vizuri dirishani na kulegea chumba cha kati. Kuta nene za Mji Mkongwe, za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye nusu mita au zaidi, zinadhoofisha mawimbi ya simu kuliko ya FM, na zikilowa mvua huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji yanayanywa.

Na hapa ndipo pananipa raha zaidi kufundisha, kwa sababu bahari inageuza habari yote chini juu. Maji ya kisiwa cha Misali ni masafi, ukiwa na kioo cha kuzamia unaona mchanga mweupe chini kwenye mita 10. Mwanga unapita. Redio je? Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi ikiyeyuka inaacha chembe zenye umeme zinazoelea huru, zinazofanya kazi kama elektroni za bati. Kila sentimita 2 na nusu za maji ya bahari zinapunguza nguvu ya umeme ya wimbi la FM hadi theluthi moja na kitu. Kwa mawimbi ya simu inatosha sentimita moja hivi. Simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingia maji, ikizama kiasi cha goti, haina mnara tena hata kama mnara uko ufukweni. Basi nani ana nguvu, redio au mwanga? Ukuta unazuia mwanga na kupitisha redio, bahari inazuia redio na kupitisha mwanga. Hakuna wimbi lenye nguvu kuliko jengine kwa kila kitu. Kuna wimbi hili mbele ya kitu hiki.

Hata ndani ya mwanga wenyewe maji yanachagua. Yanakunywa wekundu kwanza, buluu mwishoni. Mzamiaji akishuka mita 10 au 15 kitu chekundu kinaonekana kijivu au cheusi, mpaka awashe tochi.

Mfano mwengine uko juu ya paa. Dishi dogo la king'amuzi cha setilaiti hutumia gigahezi 11 au 12, mawimbi ya sentimita 2 na nusu. Tone la mvua kubwa ya masika lina milimita 3 au 5. Ukubwa huo umeshakaribia wimbi, kwa hiyo matone yanalinywa na kulitawanya, na picha inakatika mvua ikizidi. Redio ya FM katika mvua hiyo hiyo haisikii kitu. Yale madishi makubwa ya wavu yanafanya kazi japo yana matundu kwa sababu hiyo hiyo: yalitengenezwa kwa mawimbi ya sentimita 7 na nusu, na wimbi halioni tundu lililo dogo kuliko sehemu ya kumi ya urefu wake. Kwake wavu ni bati zima. Upepo nao unapita, dishi haling'oki. Mlango wa maikrowevu ni habari ile ile: mawimbi ya ndani ni sentimita 12, matundu ya kile kibati cha kioo ni milimita moja au mbili. Mwanga unatoka, unakiona chakula kinazunguka, na wimbi la kupikia halitoki.

Sasa nizipange kwa mfululizo, kutoka refu hadi fupi, kama zinavyoulizwa mtihani: redio, maikrowevu (humo mna simu, Wi-Fi na setilaiti), infraredi, mwanga unaoonekana, urujuanimno, eksirei, gama. Mwanga tunaouona ni kijisehemu tu, kutoka nanomita 400 za zambarau hadi 700 za wekundu. Nanomita moja ni milioni moja ya milimita. Infraredi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800 kwa kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu ya upinde wa mwanga: hapakuonekana kitu, kipimajoto kikapanda. Mwaka uliofuata Johann Ritter akaipata urujuanimno upande wa pili, kwa chumvi ya fedha iliyokuwa ikiiva nyeusi pasipo mwanga wa kuonekana. Eksirei ni ya Wilhelm Röntgen, Novemba 1895.

Sauti haimo katika ukoo huu. Nasema hivi kwa ajili ya kinamama: ile altrasaundi ya mjamzito si mionzi, ni sauti yenye marudio mengi mno, megahezi 2 hadi 5, inayogonga na kurudi kama mwangwi. Inahitaji mwili wa kupitia na mafuta ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Mawimbi ya sumakuumeme hayangehitaji mafuta hayo.

Na mnara sasa, ambao ndio uliokuondolea usingizi.

Kiswahili chetu kina neno moja, mionzi, kwa jua, kwa mnara na kwa eksirei, na neno hilo moja limetia watu hofu isiyo mahali pake na kuwaondolea hofu iliyo mahali pake. Mwanga na ndugu zake hawatoi nishati kama maji yamwagikayo. Wanaitoa kwa vifungu, kila kifungu kinaitwa fotoni. Albert Einstein ndiye aliyelieleza hili mwaka 1905. Ukubwa wa kifungu unafuata marudio: marudio mengi, kifungu kikubwa. Fikiria embe juu ya mti. Lirushie mchanga ngumi kwa ngumi kutwa nzima, embe halidondoki, japo mchanga wote ukipimwa ni kilo nyingi. Jiwe moja likilipata kikonyo, limeanguka. Fotoni za simu ni mchanga. Fotoni za eksirei ni mawe.

Kwa namba: kipimo ni elektroni-volti. Kuvunja kifungo cha kemia mwilini kunahitaji tatu hadi tano, na kung'oa elektroni kwenye atomu kunahitaji kumi hivi. Fotoni ya simu ya megahezi 1,800 ina 0.0000074. Ya mwanga ina 2 hadi 3. Ya urujuanimno wa nanomita 300 ina 4.1. Ya eksirei ya hospitali inaweza kuwa na 60,000. Kati ya mnara na eksirei kuna tofauti ya mara bilioni 8 kwa kila fotoni. Ni ukoo mmoja, lakini mmoja anarusha mchanga na mwengine majabali.

Mchanga ukirushwa mwingi sana unaleta joto, na hilo ndilo linalopimwa kwenye minara. Maikrowevu inapika kwa sababu wati 800 zimefungiwa ndani ya sanduku dogo la chuma. Antena ya mnara inatoa, tuseme, wati 40, na inazikusanya upande mmoja kiasi mara 50, kwa hiyo mbele yake ni kama wati 2,000. Kwenye mita 50, mbele kabisa ya antena, hizo zimetawanyika hadi wati 0.06 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha kimataifa kwa raia ni wati 4.5 kwa megahezi 900 na wati 9 kwa megahezi 1,800. Ukienda mbali mara mbili inabaki robo. Na jua la saa sita mchana ni wati 1,000 kwa mita hiyo hiyo.

Kukaa chini ya mnara kunawatisha watu kuliko kukaa mbali nao, na mambo ni kinyume. Antena inapeleka mawimbi kuelekea upeo wa macho, kama taa ya mnara wa Ras Kigomasha inavyomulika vyombo baharini na chini ya mnara wenyewe pana kiza. Pa kuogopa ni mbele ya antena, mita chache, ambapo anafika fundi aliyepanda tu. Kama una ghorofa inayotazamana na antena kwa karibu, kwa usawa ule ule, hapo pana haja ya kuomba kipimo, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye kazi hiyo. Watoto wasiingie ndani ya uzio: pana umeme, jenereta na waya za radi.

Simu iliyo sikioni inakupa zaidi kuliko mnara, kwa sababu ya ukaribu. Tena simu inapopata mnara kwa shida inapandisha nguvu yake ili isikike, na ikiwa karibu na mnara inashusha. Vidokezo vya mtandao vikiwa vichache, tumia spika au waya za masikio. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda yakaleta saratani", yaani ushahidi uliopo haukutosha kuthibitisha madhara wala kuyafuta. Nakwambia ili usije ukalisikia njiani limekuzwa.

Hofu yako uipeleke kwenye jua. Pemba iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mengine haliendi mbali. Urujuanimno wake una fotoni za kutosha kuharibu chembe za ngozi na macho, mawingu mepesi hayauzuii vya kutosha, mchanga mweupe unaurudisha usoni kutoka chini, na maji ya magotini unayapita. Anayefunga mwani kuanzia saa nne hadi saa tisa anaupata kutoka juu na chini. Kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho la wavuvi kinahusishwa nao. Nguo iliyofumwa kwa kubana, ya rangi nzito, inazuia vizuri kuliko khanga nyepesi iliyolowa. Kofia yenye ukingo mpana pande zote inasaidia macho. Na kwa mtoto mwenye ualbino haya si ushauri wa hiari.

Eksirei yenyewe: inapita nyama kwa sababu fotoni zake ni kubwa mno kwa atomu nyepesi za kaboni, haidrojeni na oksijeni kuzikamata kwa urahisi. Kalsiamu ya mfupa ni nzito zaidi na inazikamata nyingi, kwa hiyo nyuma ya mfupa filamu haifikiwi, inabaki nyeupe. Madini ya risasi ni mazito zaidi tena, ndiyo maana mpigaji picha huvaa aproni yake au hujificha nyuma ya ukuta wenye bati la risasi. Picha moja ya kifua ni hadi milisiveti 0.1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na mionzi ya asili ya ardhi, anga na chakula ni wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na wiki mbili za kuishi tu. Daktari akiihitaji, mtoto apigwe. Ukiwa na mimba, sema kabla hujaingia chumbani.

Ya nyumbani ni haya. Anza na kamba. Tafuta kamba laini ya mita 4, ya pamba au ya plastiki. Ya usumba haifai, inashupaa. Funga ncha moja kwenye komeo la mlango kwa usawa wa kiuno, shika nyengine, tikisa polepole mpaka kamba yote ipande na kushuka kama tumbo moja. Mtoto ahesabu muda wa mitikiso 10. Sasa tikisa kwa haraka zaidi mpaka yatokee matumbo mawili na katikati pabaki pametulia. Hesabu tena: muda utakuwa nusu hivi. Tumbo moja ni nusu wimbi, kwa hiyo mwanzo wimbi lilikuwa mita 8, sasa ni mita 4. Marudio mara urefu inatoa kasi ile ile. Isipotoka, mkono wako umevuta kamba zaidi mara ya pili, nayo kamba iliyokazwa hupitisha mawimbi kwa kasi kubwa zaidi. Simama pale pale, usirudi nyuma.

Kisha simu. Izungushie khanga mara tatu, ipige kwa simu nyengine: italia. Khanga imezuia mwanga, haikuzuia wimbi la sentimita 17 au 33. Itie kwenye mtungi wa kioo: italia. Itie ndani ya sufuria na ufunike: mara nyingi bado italia, na mtoto atasema chuma hakizuii. Mpeleke kwenye ukingo wa kifuniko. Ule mwanya ni mwembamba lakini ni mrefu, unazunguka sufuria nzima, na wimbi linapenya kwenye mwanya mrefu hata ukiwa mwembamba. Sasa ifunge kwa karatasi ya foili mara mbili au tatu, kingo zikunjwe pamoja kama kunjo la sambusa. Subiri nusu dakika, piga. Haitalia.

Rimoti: ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe, tazama kwenye kioo cha simu. Utaona nukta inametameta yenye weupe au uzambarau, na kwa macho hakuna kitu. Ni infraredi ya nanomita 940 hivi. Kamera nyingi za nyuma zina kichujio kinachoizuia, kwa hiyo usipoiona jaribu ya mbele.

La mwisho linataka maikrowevu, kwa jirani aliyenayo. Toa sahani inayozunguka na ule mguu wake wa kuizungusha, kwa sababu ikizunguka alama zitafutika. Tandaza ute mweupe wa mayai mawili kwenye sahani bapa ya kioo au ya udongo isiyo na mistari ya dhahabu, uwe mwembamba kama karatasi nzito. Washa sekunde 15, tazama, ongeza 5 kwa 5 mpaka yatokee madoa meupe yaliyoiva huku pengine pakiwa bado maji. Usiwashe ikiwa tupu na usitie foili humo. Pima kwa rula kutoka katikati ya doa hadi katikati ya la jirani. Ni nusu wimbi, inakaribia sentimita 6. Lile sanduku lina mawimbi yanayogongana kwa pande tatu, kwa hiyo madoa mengine yatakuwa 5 na mengine 7. Mtoto apime jozi tano achukue wastani. Nyuma ya mashine pameandikwa megahezi 2,450. Wastani ukiwa sentimita 6.1, wimbi zima ni mita 0.122, na 0.122 mara 2,450,000,000 ni mita milioni 299 kwa sekunde, karibu kasi ile ile ya mwanga. Akipata kati ya milioni 270 na milioni 330 amepima vizuri, na ute uliobaki mbichi urudishwe uive vizuri, usitupwe.